Viumbe wa Pembeni: Makara, Ketos na Hoja ya Mchanganyiko

Ketos, joka wa bahari wa Wagiriki, ana kichwa cha mnyama mkali na mkia mrefu wa nyoka. Makara wa India ana taya za mamba, mara nyingi pua iliyokunjwa mithili ya mkonga, na mkia wa samaki. Wote wawili wamechongwa Gandhara, eneo la kaskazini-magharibi mwa Pakistani ya leo, na tangu Alfred Foucher aanze kuchapisha kitabu chake kuhusu sanaa ya eneo hilo mwaka 1905, wataalamu wamegombania nani amemrithi nani. Ananda Coomaraswamy, katika *Yaksas* (1928–1931), alimweka makara ndani ya itikadi ya maji iliyo ya India yenyewe. John Boardman, katika kitabu chake cha 1994 kuhusu kuenea kwa sanaa ya Kigiriki, aliufuata mkondo wa kinyume, kutoka Mediterania kwenda mashariki. Makala haya yanadai kwamba mzozo huo umesimama juu ya swali lisilofaa. Badala ya kuuliza kiumbe ametoka wapi, tuulize fundi alimweka mahali gani na kwa kazi gani.

Wanaopenda neno “mchanganyiko” huamini kwamba tamaduni mbili zikikaa karibu, sanaa zake huingiliana. Begram, kaskazini mwa Kabul, inawakanusha. Mwaka 1937 na 1939 Joseph na Ria Hackin walifukua huko vyumba viwili vilivyokuwa vimezibwa. Miongoni mwa vilivyopatikana ni sahani ya shaba yenye uso wa Gorgoni wa Kigiriki katikati na samaki ambao mapezi yao yametengenezwa ili yatikisike. Palikuwa pia na sanamu za pembe za ndovu za wanawake waliosimama juu ya makara, ambao wengi huwatambua kuwa miungu ya mito. Pwani iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka hapo. Bahari mbili za kubuni ziliwekwa chini ya paa moja, na hakuna iliyoacha alama juu ya nyenzake.

Maelezo ya biashara nayo hayatoshi. *Periplus ya Bahari ya Erithrea*, mwongozo wa karne ya 1 B.K. unaoitaja pia Rhapta katika pwani ya Afrika Mashariki, unasema sarafu za wafalme wa Kigiriki Apollodotos na Menandros zilikuwa bado zinaonekana Barygaza, bandari ya Gujarat. Sarafu husafiri bila kumfundisha mchongaji chochote.

Ushahidi ninaoupa uzito zaidi ni wa umbo. Wagiriki walipojenga mahekalu walikabiliwa na pembetatu ya mbele ya paa, ambayo ncha zake hazitoshi mtu aliyesimama. Katika hekalu moja la karne ya 6 K.K. kwenye Akropolisi ya Athens, jibu lilikuwa kiumbe wa vifua vitatu vya watu, ambaye mikia yake inasinyaa kuelekea pembeni. Sasa tazama lango la pango la Lomas Rishi, katika vilima vya Barabar, Bihar, la karne ya 3 K.K. Juu ya lango tembo wameandamana kufuata upinde; upinde unapoishia, kila upande, pale ambapo tembo haenei tena, amewekwa makara. Mafundi hawa hawakuigana. Walikuwa na tatizo moja, na mnyama wa maji, mnene mbele na mwembamba nyuma, ndiye aliyelitatua.

Gandhara ndiko majibu hayo mawili yalikokutana. Stupa, majengo matakatifu ya Wabudha yenye umbo la kuba, zilikuwa na ngazi, na ubavu wa ngazi ni pembetatu. Katika vibao vya mawe vilivyochongwa kwa ajili ya mahali hapo tunamwona Triton, kiumbe wa bahari wa Wagiriki aliye nusu mtu nusu samaki: kifua cha mwanamume chenye misuli, mara nyingine mabawa, majani yaliyofunika kiuno mahali ngozi inapogeuka magamba, kisha mkia unaojisokota na kupungua hadi ncha ya jiwe. Mwili ni wa Kigiriki, lakini kazi ya kulinda mwisho wa jengo tayari ilikuwa ya makara. Triton aliajiriwa katika nafasi iliyokuwapo.

Atakayepinga atasema Lomas Rishi ni baada ya Alexander, aliyefika bonde la Indus mwaka 326 K.K., na kwamba Megasthenes, balozi wa Kigiriki, aliishi Pataliputra, mji mkuu wa Wamaurya. Ni kweli, ila makara wa pale ana sura ya mamba, na Mto Ganges haukuhitaji Mgiriki kuuonyesha mamba. Wapo pia watakaotaja vibao vidogo vya mviringo vya Taxila, mji wa kale wa Gandhara, vyenye mabinti wa bahari waliopanda ketos. Hivyo vinaniunga mkono: duara halina pembe, na mtindo huo ulififia katika karne za mwanzo B.K. bila kuacha ukoo. Makara, kinyume chake, aliendelea. Katika mahekalu ya Kihindu ya enzi ya Gupta, kama lile la Tigawa, miungu wa kike wa mito, Ganga juu ya makara wake na Yamuna juu ya kobe, wamewekwa kwenye pembe za juu za mlango.

Sidai kwamba umbo la jengo linaeleza imani yote. Varuna, mungu wa maji wa Wahindi, hakupewa makara kwa sababu ya upungufu wa nafasi. Lakini mchoraji wa leo anayebuni dunia ambamo Varuna na Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki, wanagawana mawimbi akitosheka na kumpa mmoja silaha ya mwenzake, amekusanya alama tu, kama ilivyokuwa Begram. Nathubutu kusema hakuna kiumbe wa kigeni aliyewahi kukaa katika sanaa ya watu kwa uzuri wake peke yake. Hukaa pale anapokuta kazi ambayo wenyeji walishaianza.