Kukodi kompyuta: Mkataba usisahau siku ya mwisho ya mashine

WAKAZI wa Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, wanaujua mkataba wa kukodi wenye masharti. Mwaka 2000, wenye mashamba katika nyanda zinazopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi walianza kulipwa shilingi 300 kwa ekari kwa mwaka, mradi wasiweke ua, wasilime wala wasiwadhuru wanyamapori wapitao humo. Kilicholinda mazingira si malipo peke yake bali masharti yaliyoambatana nayo.

Ndivyo ilivyo pia kwa biashara inayokodi kompyuta badala ya kuzinunua. Mkataba waweza kupunguza taka za kielektroniki, au ukazihamisha tu kutoka ofisini hadi jaani.

Aina mbili za mikataba

Kampuni ya kukodisha hununua kompyuta, seva na printa, kisha huzikabidhi kwa mteja anayelipa kila mwezi au kila robo mwaka, aghalabu kwa miaka mitatu hivi. Katika aina ya kwanza ya mkataba, mashine hurudi kwa mwenyewe muda ukiisha, naye huzikarabati ili azikodishe au aziuze tena. Katika aina ya pili, mteja hulipa karibu bei yote na mwishowe mashine huwa mali yake.

Kwa mazingira, tofauti hiyo ni kubwa. Mwenye mali anayejua kuwa mashine itamrudia ana sababu ya kuchagua iliyo imara na inayotengenezeka. Isitoshe, sehemu kubwa ya uchafuzi wa hewa unaotokana na kipakatalishi hutokea wakati wa kukiunda, si wakati wa kukitumia. Kwa hivyo, kila mwaka unaoongezwa kwenye maisha yake ni faida. Katika aina ya pili, mzigo wa kuitupa mashine humwangukia mteja, ambaye mara nyingi hakuupangia bajeti.

Sumu iliyofichika

Kompyuta ikiwa mezani haina madhara makubwa. Hatari huanza inapovunjwa ovyo. Vioo vya skrini za zamani na betri za kuhifadhi umeme zina madini ya risasi, nazo taa za baadhi ya skrini bapa za awali zina zebaki. Nyaya zinapochomwa ili kupata shaba, moshi wake huwa na sumu, na anayeuvuta kwanza ni mchomaji mwenyewe.

Katika Kajiado, ambako wakazi wengi hutegemea visima, suala hilo si la kupuuzwa. Mto Kitengela nao huingiza maji yake katika Athi, ambao huishia Bahari ya Hindi karibu na Malindi ukiitwa Sabaki.

Gharama ya uzembe imekwisha kuonekana Mombasa. Mtaani Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaathiri wakazi kwa risasi. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha fidia hiyo Desemba 2024.

Ulimwenguni kote, tani milioni 62 za taka za kielektroniki zilizalishwa mwaka 2022, na ni asilimia 22.3 tu iliyothibitishwa kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawataka wazalishaji wawajibikie bidhaa zao hata baada ya matumizi. Kanuni za mwaka 2024 zilifafanua wajibu huo, ambao unawahusu pia waagizaji wa vifaa vya kielektroniki kutoka nje. Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, ndiyo inayosimamia. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaitaka biashara ilinde habari za wateja wake, zikiwemo zilizobaki kwenye kompyuta inayorejeshwa.

Mambo ya kuandikwa mkatabani

Kabla ya kutia sahihi, mwenye biashara anashauriwa kuhakikisha yafuatayo:

– Mkataba unamtaja atakayezichukua mashine muda ukiisha, na atakayelipia usafiri.

– Nambari ya kila mashine imeandikwa, kwani mali bila daftari hupotea bila habari.

– Data itafutwa kabisa, na cheti cha kuthibitisha hilo kitatolewa.

– Zisizotengenezeka zitapelekwa kwa mchakataji mwenye leseni ya NEMA, ambaye wafanyakazi wake wana glavu na barakoa, na hakuna mtoto miongoni mwao.

Kuzipa shule mashine kuukuu ni jambo jema iwapo zinafanya kazi na zina fundi. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa 2002, lilisambaza shuleni kompyuta zilizokarabatiwa. Kutokana na kazi hiyo kulizaliwa kituo cha WEEE jijini Nairobi, kinachochakata zilizokwisha muda. Kompyuta nazo huharibika hata zikiwa za msaada, na shule iliyopewa mashine mbovu imeongezewa taka, haikusaidiwa.

Hivyo basi, bei ya kila mwezi isiwe kigezo pekee. Mkataba wa bei nafuu usiosema mashine itaishia wapi huwaachia gharama wanaokunywa maji ya kisima kilicho karibu na jaa.