Jina la ukoo na kitambaa cha miraba

Kwa Kiswahili tunasema "jina la ukoo", na kwa hiyo ni rahisi kuamini kwamba jina na ukoo ni kitu kimoja. Uskoti mambo hayo mawili yana historia mbili tofauti, na tartani, kile kitambaa cha sufu chenye miraba, ina historia ya tatu. Leo mjukuu wa Mskoti aliyezaliwa Kanada huingia dukani Edinburgh, akataja jina lake, akaoneshwa "tartani ya ukoo wenu". Ili tuelewe anachooneshwa, tuanze zamani, wakati historia hizo tatu zilikuwa bado hazijakutana.

Kitambaa ndicho kikongwe. Huko Falkirk kilifukuliwa chungu chenye karibu sarafu 2,000 za fedha za Kirumi, pamoja na kipande cha sufu cha karne ya 3. Nyuzi zake hazikutiwa rangi. Mfumaji alichukua sufu nyeupe na sufu ya kahawia kama zilivyotoka kwa kondoo, akazipishanisha mpaka miraba ikatokea.

Majina yalikuja baadaye sana. Katika Nyanda za Juu, yaani milima ya kaskazini na magharibi ya Uskoti, kwenye lugha ya Kigaeli, clann maana yake ni watoto, na mac ni mwana; lakini si wote walioitwa wana walikuwa wa damu moja. Mkulima asiye na ardhi alihitaji mkuu wa kumlinda, na mkuu alihitaji watu wa kushika silaha, hivyo wapangaji wengi walichukua jina la mwenye ardhi. Masimulizi ya kale yanawataja hata waliokubali kuitwa Fraser kwa kupewa kipimo cha unga.

Wengine walinyang'anywa jina. Mwaka 1603, baada ya mapigano ya Glen Fruin, serikali ilipiga marufuku jina la MacGregor, na waliolibeba wakajiita Campbell, Drummond, Murray au Grant ili wapate kuishi. Marufuku iliondolewa 1661, ikarudishwa 1693. Na Rob Roy MacGregor, mashuhuri kuliko wote, akatumia jina la mama yake, Campbell.

Mfano ulio karibu nasi ni David Livingstone, yule ambaye Chuma na Susi waliubeba mwili wake hadi Bagamoyo. Anayelifuata jina hilo peke yake atafika Livingston, mji wa Nyanda za Chini magharibi ya Edinburgh, na hapo atakuwa amepotea. Babu yake alitoka Ulva, kisiwa cha pwani ya magharibi, akahamia Blantyre penye viwanda vya pamba. Huko magharibi kulikuwa na watu walioitwa MacLea, ambao baadaye walijulikana kama Livingstone. Kwa nini? Wapo wanaosema waliiga jina la bwana mmoja wa Nyanda za Chini, Livingston wa Skirling, aliyekodishwa ardhi za uaskofu wa Argyll karne ya 17. Wengine wanasema majina ya Kigaeli yalibadilishwa tu yapate sura ya Kiingereza. Naona maelezo ya kwanza yana nguvu zaidi, kwa kuwa yanaeleza kwa nini lilichaguliwa jina hili na si jingine.

Je, wakati huo tartani ilitambulisha ukoo? Martin Martin, mwenyeji wa kisiwa cha Skye, aliandika mwaka 1703 kwamba miraba ilitofautiana kwa mahali: kwa kuitazama ungekisia mtu anatoka wapi. Kwenye mapigano ya Culloden, tarehe 16 Aprili 1746, wafuasi wa Mwanamfalme Charles, aliyewania kiti cha enzi cha Uingereza, walitambulishwa kwa utepe mweupe kofiani, si kwa nguo. Baada ya kushindwa kwao, sheria iliwakataza wanaume kuvaa tartani: kosa la kwanza kifungo cha miezi 6, la pili kupelekwa ng'ambo miaka 7. Askari wa mfalme peke yao waliruhusiwa.

Ruhusa hiyo ndiyo iliyowalea wafumaji wa Bannockburn, William Wilson na wanawe, walioyauzia majeshi. Sheria ilifutwa 1782, na kufikia 1819 kitabu chao cha kazi kilikuwa na hesabu ya nyuzi za michoro zaidi ya 200. Mchoro uliokuja kuitwa Macpherson uliuzwa kwanza kwa namba, kisha kwa jina la mteja mmoja, Kidd. Mwaka 1815 Jumuiya ya Nyanda za Juu ya London iliwaomba wakuu wa koo walete tartani zao. Lord Macdonald akajibu kwamba hakuijua ya kwake. Kisha, Agosti 1822, Mfalme George IV alizuru Edinburgh. Mwandishi Walter Scott, aliyeandaa mapokezi, alitaka kila mkuu aje na watu wake kwa mavazi yao, na oda zikamiminika Bannockburn. Mwaka 1842 ndugu wawili waliojiita Sobieski Stuart walichapisha kitabu cha tartani 75, wakidai kimetokana na hati ya kale. Hati ilikuwa ya kughushi, ila michoro yake mingi inavaliwa hadi leo.

Hakuna sheria inayomzuia mtu kuvaa tartani yoyote; rejesta ya taifa iliyoundwa kwa sheria ya 2008 huandika michoro, haigawi haki ya kuivaa. Anayetafuta babu zake, basi, aanze na kumbukumbu za parokia na za serikali kabla ya duka. Usajili wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1 Januari 1855, na mwaka huo wa kwanza makarani waliulizwa mengi mno: kwenye cheti cha mtoto waliandika umri wa wazazi, mahali walipozaliwa, siku waliyooana na watoto waliotangulia. Kazi ikawalemea, na mwaka uliofuata maswali yakapunguzwa.