Mabaki ya Santo António de Tanná na Suala la Chanzo
Santo António de Tanná ilizama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, ngome hiyo ikiwa imezingirwa na majeshi ya Omani tangu 1696. Tumezoea kuiita meli ya Kireno, ilhali iliundwa Bassein, magharibi mwa Bara Hindi, mwaka 1681, kwa mbao za msaji.

Mabaki yake yalichimbuliwa kati ya 1977 na 1980 chini ya uongozi wa Robin Piercy. Maji ya bandari yana tope, na mpiga mbizi huona umbali mfupi tu. Haikuwezekana kuutazama mwili wote wa meli kwa mara moja. Umbo lake lilipatikana kwa kupima taruma moja baada ya jingine, kisha kuunganisha vipimo hivyo karatasini. Hatimaye mwili ulifukiwa tena kwa mchanga palepale ulipolala.

Kwa hiyo tunachokisoma leo ni michoro, si meli. Kwa maoni yangu, michoro hiyo inastahili uhakiki uleule tunaozifanyia barua za Goa: nani alipima, lini, na maji yalikuwa katika hali gani siku hiyo.