Namna maua ya keki yanavyokamuliwa

Maua yanayopamba keki za harusi hukamuliwa kutoka mfuko wa aisingi wenye umbo la pia, ambao nchani hutiwa mdomo mdogo wa chuma. Umbo la tundu la mdomo huo ndilo huamua umbo la petali.

Kwa waridi, tundu hufanana na tone la maji. Upande mpana huelekezwa chini na mwembamba juu, ili petali iwe imara shinani na nyororo ukingoni. Mpambaji hubandika karatasi juu ya msumari wenye kichwa bapa, akakamua kitovu kilichosimama, kisha huuzungusha msumari polepole huku akiongeza petali 3, halafu 5, halafu 7, kila moja ikiilalia iliyotangulia.

Aisingi ya siagi huwa na sehemu 1 ya siagi kwa sehemu 2 za sukari ya unga. Ni tamu, lakini huanza kulegea joto likaribiapo nyuzi 30, hali ya kawaida Mombasa mwezi Machi. Keki ikiwekwa hemani adhuhuri, huenda maua yakaporomoka kabla ya maharusi kuwasili.

Aisingi ya ute wa yai hukauka ikawa ngumu, hivyo maua yake huandaliwa siku nyingi mapema. Hata hivyo, mafuta kidogo bakulini huzuia ute kuumuka. Isitoshe, ute mbichi huweza kubeba bakteria wa salmonela. Unga wa ute uliotibiwa kwa joto ni salama zaidi, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee.