Msumeno ni wa Nani?

Mafundi wa zamani wa nchi yetu hawakuwa na msumeno. Mchokwe aliyechonga kiti cha mfalme wake, na Mluba aliyechonga kigoda, walitumia shoka na tezo, na kazi yao inatazamwa kwa mshangao hata leo katika nyumba za makumbusho za Ulaya. Lakini ukichonga ubao kwa shoka, sehemu kubwa ya gogo huanguka chini kuwa vibanzi. Msumeno ndio uliowezesha gogo moja kutoa mbao nyingi. Ila kuna tofauti nyingine. Tezo lilifuliwa na mhunzi wa kijiji, nalo likawa mali ya fundi mwenyewe. Msumeno mkubwa ulikuja na mwenyewe. Basi, tukitaka kuelewa hali ya seremala wa Manika, tuulize katika kila wakati: msumeno ulikuwa wa nani?

Kwanza ulikuwa wa misheni. Mapadre Weupe walifika Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885. Wasalesiani wa Don Bosco walifika Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1911, wakafundisha vijana kazi za mikono. Mahali pasipo mashine, gogo liliwekwa juu ya shimo. Mtu mmoja alisimama juu, mwenzake chini, wakavuta msumeno mrefu tangu asubuhi. Wa juu alifuata mstari, wa chini alipokea vumbi machoni. Ilikuwa kazi ya jasho, lakini kwa njia hiyo yalipatikana mabenchi, milango na mapaa ya makanisa.

Huko Ulaya mashine zilikuwa zimekwisha kuanza. Mwaka 1777 Mwingereza Samuel Miller aliandikisha mashine yenye msumeno wa duara. Baadaye mvuke ulizungusha misumeno ya namna hiyo katika viwanda vikubwa. Mtu wa kawaida hakuweza kuwa nayo nyumbani. Ndipo mwaka 1924, huko Marekani, Edmond Michel alipotengeneza msumeno wa umeme wa kushika mkononi, akiwa amefikiri juu ya taabu ya wakata miwa. Mwaka 1946, huko Uswisi, Albert Kaufmann alitoa sindano katika cherehani akatia ubapa wa msumeno mahali pake. Hivyo ukazaliwa msumeno mdogo wa kukata mapindo. Mashine ikatoka kiwandani, ikaingia nyumbani.

Kwetu haikuingia nyumbani upesi, kwa sababu umeme haukuletwa kwa ajili ya seremala. Mtambo wa Mwadingusha, juu ya mto Lufira, ulianza mwaka 1930. Mitambo ya Nzilo na Nseke, juu ya Lualaba, ilijengwa katika miaka ya 1950. Yote ilitakiwa kwanza kwa shaba. Kwa hiyo msumeno ukawa wa kampuni: kwanza Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, kisha Gécamines baada ya mwaka 1967. Katika karakana zake seremala alijifunza mashine nzuri, akalipwa mshahara, na jioni akarudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, na shaba ikapungua sana. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kazini. Ujuzi walitoka nao, mashine zilibaki.

Leo msumeno umeingia uani mwa fundi. Ni jambo la kufurahi, lakini anayenunua afumbue macho. Umeme wetu ni wa volti 220. Msumeno uliotengenezwa kwa volti 120 za Marekani utaungua ukiuchomeka hivi hivi. Mota kubwa iliyotoka kiwandani mara nyingi hutaka umeme wa nyuzi tatu, ambao nyumba nyingi hazina. Waya mrefu na mwembamba hupata moto na kudhoofisha mota. Na umeme ukipungua, mashine ikianza kuguna, izime mara moja.

Tena kuna hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Wengine hufunga mota chini ya meza, diski ikatokeza juu bila kifuniko. Ubao ukibana diski, diski huutupa nyuma kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono unaousukuma huweza kuvutwa kwenye meno. Kwa hiyo mashine njema ina kifuniko, na kisu chembamba nyuma ya diski kinachozuia ubao usijibane. Ubao mdogo usukumwe kwa kijiti. Glavu na mikono mirefu ya shati havifai karibu na diski, maana hunaswa. Anayeokoa fedha kwa kuacha kifuniko huweza kulipa kwa vidole, na vidole ndivyo chakula cha watoto wake.

Fedha zenyewe zitatoka wapi? Watu wetu wanajua likelemba. Mafundi watano wakiweka akiba pamoja watanunua mashine moja iliyo salama mapema kuliko kila mmoja peke yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nao mti usisahauliwe. Katika miaka ya 2010 magogo ya mukula yalikatwa ovyo kusini mwa Katanga, yakapelekwa China bila kupasuliwa, hata mwaka 2019 mataifa yakauweka mti huo chini ya ulinzi wa biashara. Misumeno ya mnyororo ilifanya kazi upesi, na meza za mafundi wetu hazikupata kitu. Msumeno wetu na upasue mulombwa kidogo, lakini uutoe ukiwa kitanda, mlango, kabati.

Mwaka 1955 Papa Pius XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Yosefu alilisha Familia Takatifu kwa kazi ya mikono yake. Nasi tumwombee kila seremala wa Manika apate chombo kilicho chake, na mikono mizima ya kukitumia.