Tarehe ya Ufuo wa Durban

Wanaoisifu Durban, nchini Afrika Kusini, huanza na maji yake. Mkondo wa Agulhas hushuka kutoka upande wa Msumbiji ukiwa na joto, hata watu wakaoga baharini katikati ya Julai, mwezi ambao maji ya Cape Town huumiza mifupa. Dhoruba za bahari ya kusini nazo hutuma mawimbi makubwa hadi mbele ya majengo ya mji. Kwa masimulizi hayo, Durban iliandikiwa tangu azali kuwa mji wa watu wanaoteleza juu ya mawimbi kwa ubao. Sifa hizo ni za kweli, ila hazitoshi. Maji hayo hayo na mawimbi hayo hayo hufika kwenye pwani ndefu ya KwaZulu-Natal, kaskazini na kusini mwa mji, na sehemu kubwa ya pwani hiyo haikutoa bingwa hata mmoja. Kilichoitofautisha Durban ni kazi, fedha na sheria. Ufuo wake ulijengwa, ukalindwa, kisha ukagawanywa, na historia ya mchezo wenyewe imefuata hatua hizo tatu.

Kujengwa kulianza na bandari. Ghuba ambayo Wazulu huiita eThekwini ilipata wafanyabiashara Waingereza mwaka 1824, na mwaka 1835 mji ukapewa jina la Benjamin D'Urban, gavana wa Cape. Mlangoni mwa ghuba palikuwa na fungu la mchanga lililozizuia meli kubwa kuingia. Zilitia nanga nje, na abiria wakashushwa ndani ya vikapu hadi kwenye vyombo vidogo. Wahandisi walipambana na fungu hilo kwa nusu karne. Ukuta uliobuniwa na James Vetch ulishindikana, na mabaki yake bado yamo majini. Baadaye zikaja kuta mbili ndefu na mashine za kuchimba mchanga, na mwaka 1904 meli kubwa ya abiria Armadale Castle ikaingia bandarini. Lakini mchanga wa pwani hiyo husafiri na mawimbi kutoka kusini kwenda kaskazini, na kuta zile ziliuzibia njia. Fuo za mbele ya mji zikaanza kuliwa na bahari, ikabidi mchanga uwe unachimbwa na kusukumwa kwa mabomba kuzilisha upya, na magati mafupi yajengwe kuushikilia. Kandokando ya magati hayo, kama lile la New Pier, mchanga hujikusanya kwa namna inayolifanya wimbi livunjike kwa mpangilio mzuri. Wimbi linalosifiwa kuwa kazi ya Mungu peke yake limepitia mikononi mwa wahandisi wa bandari.

Kulindwa kulifuata. Katika miaka ya 1930 na 1940 waokoaji wa ufukweni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia na mbao nzito kwenye mawimbi ya mji huu. Miaka ya 1940 papa walishambulia waogaji mara kwa mara, na mwaka 1952 manispaa ikatandaza jarife mbele ya fuo zake. Miji midogo ya kusini haikuwa na kinga hiyo. Kuanzia Desemba 1957 hadi miezi ya mwanzo ya 1958 vifo vilivyosababishwa na papa viliwafukuza watalii pwani nzima, na mwaka 1964 serikali ya jimbo ikaunda bodi maalumu ya kuzuia papa. Jarife hizo zimeua papa, kasa na pomboo wengi, na lawama za wanamazingira ni za haki. Hata hivyo ndizo zilizomwezesha kijana wa Durban kushinda majini kutwa nzima bila mzazi wake kupoteza usingizi, na bila saa hizo nyingi hakuna ufundi.

Kijana huyo alikuwa nani? Hapa ndipo sheria inapoingia. Mwaka 1873 Waingereza walianza kuleta Durban watumwa waliokombolewa baharini, wengi wao Wamakua wa kaskazini mwa Msumbiji. Kwa kuwa walitokea Unguja, wakaitwa Wazanzibari, na wengi wao Waislamu wakakaa King's Rest, kwenye kilima cha Bluff kinachotenganisha ghuba na bahari kuu. Miaka ya 1960 serikali ya ubaguzi iliwaweka kwenye kundi la "Waasia wengine", ikawahamishia Chatsworth, mbali na bahari. Bluff ikabaki ya Wazungu, na leo inatajwa duniani kwa wimbi la Cave Rock. Wahindi, ambao wazee wao walianza kufika mwaka 1860 kwa meli ya Truro kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya miwa, walikuwa na wavuvi waliovuta juya kwenye fuo hizo hizo. Waafrika walivuta rikisho zilizowabeba watalii ufukweni tangu miaka ya 1890. Sheria ya mwaka 1953 ya kutenganisha huduma za umma ilitoa nguvu ya kisheria kwa ubaguzi uliokwishakuwapo: fuo za katikati, zenye waokoaji na magati, zikawa za Wazungu, na wengine wakasukumwa kuelekea mdomo wa mto Umgeni. Juu ya msingi huo yakaanzishwa mashindano ya Durban mwaka 1969, baadaye yakaitwa Gunston 500. Shaun Tomson, mzaliwa wa mji huo, aliyashinda mara sita mfululizo kuanzia 1973, na mwaka 1977 akawa bingwa wa dunia.

Wapo wanaosema kwamba sheria haikuzuia kitu, kwa sababu Waafrika ni watu wa bara wanaoogopa maji. Hoja hiyo haisimami. Miaka ya 1830 afisa Mwingereza James Alexander aliandika kwamba aliwaona wavulana wa Accra wakibebwa na mawimbi juu ya vibao vyepesi, muda mrefu kabla mchezo huo haujajulikana Durban. Ni kweli kwamba pwani ya Wazulu, yenye bahari kali, haikukuza mabaharia wengi. Lakini vivyo hivyo vijana wa Kizungu wa Durban hawakurithi mchezo huu kwa babu zao. Walijifunza ndani ya kizazi kimoja, kwa kuwa walikuwa na pa kujifunzia.

Wengine husema bahari haina rangi, na mchezo usibebeshwe dhambi za serikali. Mwaka 1972 Eddie Aikau, Mhawaii ambaye mababu zake ndio waliouasisi mchezo wenyewe, alialikwa Durban kushindana. Hoteli ya Wazungu ikamnyima chumba, na jamaa ya Tomson ikamkaribisha nyumbani. Ukarimu huo unaonyesha kuwa watu wema walikuwepo, na pia kwamba wema wao uliishia mlangoni mwao. Mwaka 1985 Tom Carroll wa Australia alikataa kushindana Afrika Kusini, na Martin Potter, aliyekulia Durban, akamfuata. Ustadi wa Tomson haupungui kwa kusema haya, kwani sheria haimfundishi mtu kusimama juu ya ubao. Inachofanya ni kuamua nani atapata nafasi ya kujaribu.

Pingamizi la mwisho ndilo zito: waandamanaji waliingia kwenye fuo za Wazungu mwaka 1989, mwaka huo huo serikali ikaamuru fuo zifunguliwe, mwaka 1990 sheria ikafutwa, mbona mabadiliko yamekuwa polepole? Mwafrika mweusi wa kwanza kufuzu msimu mzima wa ligi kuu ya dunia, Michael February, aliingia mwaka 2018, naye ni wa Cape Town. Jibu ni kwamba bango huondolewa kwa siku moja, lakini vitongoji vya Waafrika vya Umlazi na KwaMashu viko pale pale vilipowekwa, mbali na ufuo, na ubao una bei. Mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 jimboni, yaliharibu mitambo ya majitaka, na fuo zikafungwa kwa uchafu huku mawimbi yakiendelea kuja kama kawaida. Mawimbi yalikuwepo, mji haukuwa tayari kuyapokea. Kwa hiyo anayetaka kujua bingwa ajaye wa Durban atatoka wapi na asome bajeti ya manispaa kabla ya kuitazama bahari: fedha za mabomba ya majitaka, nauli ya basi kutoka Umlazi, na mafunzo ya kuogelea katika shule ambazo hazijawahi kuwa na bwawa.