Ngano ya Bibi

Mkesha wa Idd, nyumbani kwa bibi mzaa mama pale Mji Mpya, Morogoro, hakuna aliyethubutu kugusa kibao kabla yake. Alikanda unga kwa maji ya uvuguvugu mpaka donge likaacha kung'ang'ania vidole, akalifunika kitambaa lipumzike. Kisha akasukuma, akapaka samli, akakunja, akazungusha mfano wa konokono, akasukuma tena. Alisukumia chupa ya soda, maana mti wa kusukumia hakuwa nao. Chapati ikitoka kwenye chuma aliipigapiga kingo kwa viganja, matabaka yakaachana. Hapo ndipo tulipohesabiwa: mtoto mmoja, chapati moja.

Kiswahili kina neno moja kwa nafaka hii na kwa hadithi za kale: ngano. Bibi alikuwa nazo zote mbili, lakini ile ya chapati hakuisimulia. Nimeikusanya mwenyewe.

Ngano si chakula cha asili cha Mluguru. Milima yake humpa mahindi, mpunga, ndizi, magimbi na maharage, na mashamba hayo hufuata ukoo wa mama. Ngano ilipanda kutoka chini. Misafara ya Bagamoyo ilipita Simbamwene, mji wa mtawala Kisabengo chini ya milima ya Uluguru, ambao mpelelezi Stanley aliukuta mwaka 1871. Nyuma ya misafara hiyo walikuwapo wafanyabiashara wenye asili ya India, kama Sewa Haji wa Bagamoyo, aliyefariki mwaka 1897. Reli ya Wajerumani kutoka Dar es Salaam ilipofika Morogoro mwaka 1907, maduka ya Wahindi yalipata njia rahisi zaidi ya kuingiza bidhaa. Kaskazini, Waingereza walikuwa wamekwisha kuleta Wahindi zaidi ya 30,000 kujenga reli ya Mombasa hadi Kisumu, kati ya 1896 na 1901. Jikoni mwao mlikuwa na chapati.

Ila ile yao siyo hii yetu. Huko India, chapati ni mkate mkavu wa unga usiokobolewa, unaochomwa bila mafuta. Ule wenye matabaka na samli wao huuita paratha. Sisi tulichukua jina la wa kwanza na mapishi ya wa pili, tukatumia unga mweupe.

Kilichoipa chapati heshima ni uhaba. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, sukari, mafuta, sabuni na unga wa ngano vilikuwa vitu vya foleni. Watu walishakula unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada. Hata ngano ya Basotu, Hanang, kwenye mashamba ya serikali yaliyosaidiwa na Kanada huku wafugaji wakipoteza malisho, haikukidhi haja. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, waliodaiwa kuficha bidhaa. Tarehe 12 Aprili 1984 alifariki katika ajali ya gari pale Dakawa, mkoani humu humu, na chuo kikuu cha kilimo chini ya Uluguru kikapewa jina lake. Katika miaka hiyo, kilo mbili za ngano zilifichwa uvunguni zikisubiri Idd. Kwa majirani zetu Wakatoliki zilisubiri Krismasi.

Kisha ikaja ruksa ya Rais Mwinyi, biashara ikalegezwa, maduka yakajaa, na chapati ikashuka cheo. Leo pale stendi ya Msamvu unaila alfajiri na chai au maharage, basi likiunguruma. Hata hivyo tunaagiza sehemu kubwa ya ngano kutoka nje, na vita vya Ukraine vya 2022 vilipopandisha bei, mama ntilie wengine walipunguza donge badala ya kuongeza bei.

Nimesoma habari za bibi wa Kipalestina na mkate wa taboon, unaookwa juu ya kokoto za moto. Msimu wa zeituni huuloweka kwa mafuta mapya, wakaweka juu yake vitunguu, kiungo kiitwacho sumaki, na kuku, wakauita musakhan. Mkate ule umebeba ardhi yake: ngano, mafuta na viungo vya vilima vile vile. Chapati ya bibi yangu haikubeba hata chembe ya udongo wa Uluguru. Jina la India, unga wa melini, mafuta ya kiwandani. Cha kwetu mle ndani kilikuwa mikono yake tu, na ule uadilifu wa kuhesabu ili asikose mtu.

Bibi hayupo sasa. Mama ana mti mzuri wa mninga wa kusukumia, kaununua sokoni. Hukaa kabatini mwaka mzima, na mkesha wa Idd ukifika, mama huanza kuuliza nani kachukua chupa.